Siku Watu Walipokuja Kuliona Jiwe la Anga

Mwimbaji akiishiwa pumzi, usimtazame mdomo. Mdomo utakudanganya, maana mwimbaji mzuri huendelea kuufungua hata sauti ikiwa imekwisha. Tazama mabega. Yakianza kupanda kabla ya neno la mwisho la mstari, ujue neno hilo halitafika, na wewe mwenye gita una nafasi ndogo sana ya kulidaka lisianguke.

Kazi hiyo sisi tuliiita kumbeba mwimbaji. Nyinyi vijana hamfundishwi, na siwalaumu. Studio inamsubiri mtu avute pumzi atakavyo, kisha mashine inaunga vipande. Lakini iko siku mtapiga mbele ya watu, na mwenzenu aliyeshika maiki atakuwa hana kifua. Kwa hiyo sikilizeni inavyofanyika.

Kwanza, usiongeze sauti. Chukua noti ile ile aliyokuwa anaielekea, ipige taratibu, halafu shuka nayo mpaka pale sauti yake ingetua. Basi. Msikilizaji atadhani mlipanga hivyo. Ukitia mapambo, watu watageuka kukutazama wewe, wakimaliza kukutazama wewe watamtazama yeye, na hapo watajua. Unambeba mwenzako vizuri pale ambapo hakuna mtu aliyegundua kwamba ulikuwepo.

Aliyenifundisha ni Mzee Kitwana, mpiga solo wa kwanza wa bendi yetu, mtoto wa mjini hasa, fundi cherehani ambaye vidole vyake vilikuwa na alama za sindano upande mmoja na za nyuzi za gita upande wa pili. Nilipoanza nilikuwa na mkono mwepesi na nilijiona nimefika. Siku ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake, akajifuta jasho ingawa hakukuwa na joto.

"Masele," akasema, "gita lako ni kama shemeji aliyelewa msibani. Halimwachi mtu amalize sentensi."

Bendi nzima ilicheka. Nikakaa kwenye gita la rithimu muda mrefu sana kabla hajaniruhusu kugusa solo tena. Kila nilipomuuliza lini, alijibu, "Siku utakayochoka kujisikia."

Bendi ilikuwa mali ya kiwanda cha nguo, hapa hapa Mwanza. Tuliandikishwa kama wafumaji, tukalipwa kama wafumaji, ila mimi nisingeweza kukuonyesha mashine ya kufuma inawashiwa wapi. Kisha ukaja wakati wa soko huria. Mitumba ikajaa mjini, kitambaa chetu kikakosa mnunuzi, na geti la kiwanda likafungwa. Vyombo vyetu vya muziki vikafungiwa humo humo ndani pamoja na mashine. Tuliwahi kwenda kuchungulia dirishani, tukaona ngoma zetu zimefunikwa turubai kama maiti. Baada ya hapo, Mzee Kitwana akiwa ameshaniachia uongozi, tukawa bendi ya kuazima, leo gita la huyu, kesho spika za yule, na baa nyingi zilikuwa zimeshanunua redio kubwa za kaseti ambazo hazili wala hazidai nauli.

Lakini kilichotumaliza zaidi ni ugonjwa. Nyinyi mmekua wakati dawa zipo. Sisi hatukuwa nazo. Kila wiki kulikuwa na turubai limefungwa mtaa fulani, na mara nyingi tulifika kwenye dansi tukakuta limeahirishwa kwa sababu ya msiba. Mpiga tarumbeta wetu alikwenda. Mpiga besi akafuata. Watu hawakutaja jina la ugonjwa. Walisema fulani amekanyaga waya.

Mwimbaji wetu Bwire, Mjita wa pwani ya ziwa upande wa Mara, aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa na kuharibiwa na sisi, alipoanza kukonda na kukohoa aliwahi kuwaambia watu mwenyewe kabla hawajasema.

"Jamani, mimi ni mwanamuziki," alisema jukwaani, akionyesha nyaya zilizozagaa miguuni. "Kukanyaga waya ndiyo kazi yangu."

Watu walicheka, lakini mwimbaji mwenzake alianza kuifuta maiki kwa kitambaa kabla ya kuipokea kwake. Alifanya hivyo akidhani hatuoni. Bwire aliona. Baada ya muda hakuja tena kazini.

Siku moja nilikuwa Buhongwa, mtu mmoja akaniamkia vizuri, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Pole sana kwa Bwire, mzee. Tumempoteza mtu." Moyo ulinipasuka. Nilikwenda moja kwa moja hadi chumba alichopanga Bwire, nikamkuta amekaa kibarazani kwenye gunia anamenya viazi vitamu.

Mke wake, Kabula, alitoka na sufuria. "Hata wewe umekuja kuzika?" akaniuliza. "Karibu. Juzi walikuja wawili na rambirambi. Nikawapa uji, wakanywa huku wanamtazama marehemu anakoka moto."

Bwire hakucheka. Alikuwa amebaki macho na mifupa, na sauti imekuwa nyembamba, ila bado ilikuwa yake. "Masele," akasema, "nitakufa, hilo sibishani nalo. Lakini wamenizika nikiwa hai. Kabula akienda sokoni wenzake wanamwita mjane. Nataka wimbo mmoja. Mmoja tu, mchana, watu wote wa Mwanza wanione nimesimama. Baada ya hapo nitakufa kwa utaratibu."

Nilimwahidi. Niliporudi nyumbani nikaanza kujiuliza nitatimizaje, maana kifua chake hakingeweza hata ubeti mmoja wa dansi. Muziki wetu haukuwa na mahali pa mtu kupumua. Ubeti, kiitikio, ubeti, kisha chemko, pale muziki unapokolea watu wacheze, na hapo ndipo mwimbaji anafanya kazi ya punda.

Msaada ulitoka mahali ambapo nisingewaza. Kulikuwa na Mholanzi mmoja, Yan, fundi wa mitambo ya baridi, aliyekuja kufunga vyumba vya barafu kwenye kimojawapo cha vile viwanda vipya vya minofu ya sangara. Mrefu, mpole, nywele mpaka mabegani. Alikuwa na ugonjwa wa muziki. Muziki wake aliuita spesi roki, na alikuwa ameamua kwamba kabla mkataba wake haujaisha lazima Mwanza ipate tamasha la muziki huo. Marafiki zake wenye vinanda vya umeme wangekuja kutoka Nairobi, kampuni moja ya sigara ingelipia jukwaa, na alitaka bendi moja ya hapa hapa. Akatuchagua sisi.

Nilimuuliza spesi roki ni muziki gani.

"Muziki ya mtu nakaa mbali sana na dunia," akasema. "Na hana haraka kurudi."

Alikuwa na mashine ya mwangwi, kasha kubwa kama sanduku la mwalimu, ndani mna utepe wa kaseti unaozunguka. Nawaeleza ilivyofanya kazi kwa sababu leo mnayo kwenye simu na hamjui ilikotoka. Unapiga noti, utepe unaishika. Mbele kidogo mashine inaitoa tena, halafu tena, kila mara hafifu zaidi. Yaani noti inaondoka kwako, inarudi, inaondoka. Jaribio la kwanza nilipiga kama nilivyozoea, mkono haulali, na mashine ikarudisha kila kitu kwa pamoja. Ilikuwa kelele kama mvua ya mawe kwenye bati.

Yan akainua mkono. "Masele, wewe napiga mingi sana. Piga moja. Ngoja. Yeye narudi, ndiyo wewe napiga ingine."

Lilikuwa somo la Mzee Kitwana lile lile, sasa linatoka kwa Mzungu. Nikapiga moja, nikangoja. Na katika ule ukimya nikaona mahali pa Bwire. Mtu angeweza kuimba mstari mmoja, akapumzika huku mashine na gita vinazungusha, akaimba mwingine. Hakuna ambaye angeona ameishiwa pumzi, kwa sababu muziki wenyewe ulitaka mtu asiwe na haraka.

Mpiga ngoma wetu, Deusi, hakupenda. "Akidondoka pale juu?"

"Utaendelea kupiga."

"Watu watatukimbia, Masele."

"Walishatukimbia, Deusi. Watatukimbia mara ngapi?"

Tulifanya mazoezi ya wimbo wake wa zamani, Nisubiri Gatini, wa mwanamke anayemwimbia mume aliyepanda meli kwenda ng'ambo ya ziwa kwamba naye atamfuata. Wimbo uliokuwa unakimbia, tukaufanya utembee. Bwire alikaa kwenye kiti, anaimba macho yamefumba. Mara ya kwanza aliyoweza kuufikisha mwisho, Deusi aliinamia ngoma zake akawa anakaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea.

Sasa niwaambie kosa lilipoingia. Mabango ya tamasha alipewa Athumani, mchoraji wa vibao vya maduka, mkono wake hauna mfano mji mzima. Yan alimwandikia jina la spesi roki kwa Kiingereza, Athumani akaliweka katika Kiswahili safi, rangi nyekundu, herufi za kivuli: TAMASHA LA JIWE LA ANGA. Na kwa kuwa alikuwa msanii wa kweli, chini yake akachora jiwe. Kubwa, la mviringo, lina mkia wa moto, linashuka kuelekea ziwani.

Nilipoliona nilimfuata. "Athumani, hili ni jina la muziki. Roki ni aina ya muziki."

"Kaka, roki ni jiwe," akasema bila kushusha brashi. "Mimi nimezaliwa juu ya jiwe, choo chetu kiko juu ya jiwe, babu yangu kazikwa ubavuni mwa jiwe. Usinifundishe jiwe. Kama mlitaka gita mngesema nichore gita."

Tulicheka, tukaacha. Mabango yalikuwa yameshabandikwa. Kisha gari la matangazo likapita mitaani na kipaza sauti, Buswelu, Buhongwa, njia ya Shinyanga: njooni mlione Jiwe la Anga, njooni na familia, hakuna kiingilio. Habari ikatoka mjini ikaenda vijijini na visiwani kwa mitumbwi na baiskeli, na kila ilipolala iliamka imenenepa. Kwanza jiwe limeanguka Nyegezi. Kisha jiwe lina joto mpaka leo. Mwishowe, anayeligusa anapona.

Mnaweza kuwaona ni wajinga. Msifanye hivyo. Kwenye nyumba ambayo mgonjwa amelala na hospitali imesema hakuna dawa, mtu anaposema kuna jiwe, unatafuta baiskeli.

Siku ya tamasha watu walianza kufika asubuhi kwenye kiwanja kimoja cha wazi karibu na ziwa, na tulipoona umati tulifurahi kama wapumbavu. Hatujawahi kupigia watu wengi vile. Kisha nikaanza kuangalia vizuri. Walikuja na mikeka na mablanketi. Kulikuwa na watu kwenye mikokoteni, wengine wameegemezwa kwenye miti, wengine wamelazwa kwenye majani na kitenge usoni kuzuia nzi. Mama mmoja karibu na jukwaa alikuwa amemfunga binti yake mtu mzima kwa kanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli asianguke. Nilikuwa nimepiga misibani na harusini, lakini sijawahi kuona watu wanausikiliza muziki hivi, kama wanaosubiri jina lao liitwe.

Vijana wa Nairobi walianza. Vinanda vikanguruma, mwangwi ukapanda. Wimbo wa pili, sauti moja ikauliza kutoka nyuma, "Jiwe liko wapi?" Nyingine ikadakia. Kabla wimbo haujaisha uwanja wote ulikuwa unasema kwa pamoja: "Jiwe! Jiwe! Jiwe!"

Yan alijua neno hilo. Alidhani wanaushangilia muziki wake. Akaruka mbele ya jukwaa, nywele zinapepea, mikono juu, akawajibu kwa furaha yote aliyonayo: "Jiwe! Ndiyo! Jiwe!"

Umati ukasogea mbele. Wakaanza kuwainua wagonjwa wao.

Nilimshika Yan shati nikamvuta. Nilipomweleza, uso wake ulibadilika, akakaa juu ya kasha la spika akajishika kichwa. Vijana wa Nairobi wakaacha kupiga. Chini, watu walikuwa wameshaelewa kwamba kuna kitu kinafichwa. Jiwe la kwanza, la kawaida, la hapa hapa Mwanza, likatua karibu na miguu ya Deusi.

"Hilo la kwenu!" mtu akapiga kelele. "La anga mmemuuzia nani?"

Askari walikuwa wachache na hawakuwa na hamu ya kupigana na wagonjwa. Deusi alianza kufungua ngoma zake. Nikamwambia Bwire, aliyekaa nyuma kwenye kiti na koti ingawa jua lilikuwa kali, "Tunaondoka. Nitakutafutia siku nyingine."

"Siku nyingine ya nani?" akasema. Akanipa koti lake nilishike, akatembea hadi kwenye maiki. Alitembea polepole sana, na nafikiri ndiyo maana waliacha kurusha. Jinsi alivyokuwa, hakuna aliyehitaji kuambiwa anaumwa nini.

"Shikamooni wazee," akasema. Wachache wakaitikia. "Naitwa Bwire. Wengi mnanijua. Wengine mmeshakula ubwabwa wa msiba wangu."

Kukawa na kicheko kidogo, cha woga. Mwanamke mmoja akasema kwa nguvu, "Ni yeye! Si walisema amekufa!"

"Walisema, dada. Hata mimi niliambiwa." Alivuta pumzi. Nikaona mabega. "Sasa nisikilizeni. Jiwe hakuna. Neno limekosewa, ni jina la muziki. Mmechoka, mmesafiri, na hakuna jiwe. Nitazameni mimi. Lingekuwepo, mngenikuta nimelilalia."

Mtu mmoja alianza kulia, kilio cha mtu mzima, cha chini. Bwire alingoja. Hakuongeza neno la kufariji, na mimi hadi leo namshukuru kwa hilo.

Halafu akanigeukia. "Kiongozi, twende."

Nilipiga noti moja, nikangoja irudi. Deusi, aliyekuwa amezirudisha ngoma zake, akaingia na brashi laini za ngoma badala ya fimbo. Bwire akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza, nikauzungusha. Akaimba wa pili. Watu hawakuondoka. Wale waliosimama wakakaa. Ubeti wa pili neno la mwisho halikufika, nikalidaka, na sidhani kama kuna aliyejua. Ubeti wa tatu nilibeba nusu. Kufika mwisho alikuwa ameshika mti wa maiki kwa mikono miwili, akalitoa neno la kumalizia, gatini, lote, kwa sauti yake ya zamani, kisha akarudi nyuma akakaa kwenye kiti.

Mashine ikalishika. Gatini, tini, tini. Yan alikuwa amefungua mwangwi mpaka mwisho, machozi yanamtoka. Bwire amekaa, mdomo umefungwa, jasho linamdondoka, na sauti yake bado inazunguka uwanjani juu ya vichwa vya wale watu. Sikupiga kitu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikutamani kupiga kitu. Tuliiacha mpaka ikaisha yenyewe.

Walipoanza kukunja mikeka, yule mama mwenye baiskeli alikuja hadi ubavuni mwa jukwaa.

"Baba, wewe unakunywa dawa gani hata ukasimama?" akamuuliza Bwire.

"Uji, mama. Ninaokunywa ni uji tu."

"Basi hakuna."

"Hakuna."

Akampa mkono. Miaka ile watu hawakumpa mkono mtu kama Bwire. Kisha akaikaza kanga kiunoni mwa binti yake, akaisukuma baiskeli kurudi barabarani. Wengine walimwona, nao wakapita kumpa mkono kabla ya kuondoka, mmoja mmoja. Bwire alishikwa mikono mpaka Kabula akaja kumwondoa.

Alikufa kabla ya mvua. Na hapa ndipo nilipojifunza kwamba kazi inaweza kufanyika vizuri kupita kiasi. Tulipopeleka habari ya msiba, mji haukutuamini. "Tulishaambiwa hivyo," walisema sokoni. "Mbona tulimwona kwa macho yetu, anaimba?" Wenye gari la matangazo walikataa kutangaza wakihofia kuchekwa. Tulimzika sisi wa bendi, Kabula, ndugu zake waliovuka kutoka Mara, Athumani aliyeandika msalaba bila malipo, na Yan, ambaye hakujua asimame wapi. Kaburi lilizungukwa na watu wachache kuliko wapigaji wa bendi moja ya zamani.

Kwa muda mrefu baadaye niliulizwa. Pale Nyegezi kulikuwa na mama muuza sangara wa kukaanga, na kila nikipita alikuwa ananiita, "Kiongozi, Bwire anaimba lini tena?" Siku moja nilisimama nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza nyinyi, kwamba Bwire alikufa, na kwamba mimi mwenyewe nilishika jeneza.

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyie watu wa bendi bwana!" Akafunga kipande kizuri cha mgongo kwenye gazeti, akakataa pesa yangu. "Mpelekee. Mwambie ale, amekonda mno."

Nilikipokea, nikakipeleka kwa Kabula.